Vijumbe Wasionipigia Hodi

Kibarani, Kilifi
Juni 1987

Kwa Mwalimu Mwaura wa bayolojia,

Huna haya wewe! Kijana uliyelelewa na mama, unaingiaje maungoni mwa mwanamke mzima na chaki mkononi? Shikamoo yako nimeiitikia huku huku, marahaba. Sasa kaa chini usome. Barua hii naiandika mwenyewe. Gumbaru, lile darasa la kusoma la watu wazima, nilikwenda, na sikwenda kusinzia.

Mjukuu wangu Nyevu, unayemfundisha, amerudi na habari kwamba mwili ni chembe ndogo ndogo, na kila chembe hukaa kimya ikingoja kijumbe. Kijumbe akifika hugonga mlango wa chembe, habari zikapokezanwa ndani hadi katikati, ndipo chembe hunakili maagizo yake yote, kisha hujigawa ikawa mbili. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwili huu ni mji wangu. Katika mji wangu hakuna mtoto anayejitenga akajenga kwake kabla sijaitisha kikao. Vijumbe hao wanatumwa na nani, na mbona hawapitii kwangu?

2. Jembe liliponikata mguu, nililifunga jeraha kwa majani ya mwarobaini, likapona, Kibarani nzima ikanisifu. Leo Nyevu asema majani yalisafisha tu. Zilizoliziba ni chembe za pembeni, zilizoletewa habari zijigawe. Umeninyang'anya sifa, Mwalimu.

3. Eti kila chembe ina nakala ya maagizo yangu yote. Yaani kisigino changu kinajua yaliyomo kichwani? Mwanangu Thoya alipohamia Kisumu Ndogo kule Malindi, bila kikao, alibeba masufuria, hakubeba agizo hata moja. Chembe imshinde mwanangu!

4. Hili ndilo lililonipandisha mori. Nina kijiuvimbe kwapani, mwezi wa Machi kilikuwa kama korosho, wala hakinisumbui. Nyevu asema chembe zenye adabu zikiletewa habari kwamba basi, yatosha, huacha; hata zikigusana na jirani hutulia. Lakini ziko zinazoziba masikio zikaendelea kujigawa tu. Ataka daktari akitazame. Tangu juzi amegoma kula, eti mpaka niende. Mtoto akikatae chakula changu kwa ajili ya somo lako! Nimemwambia kwangu hakuna kiziwi. Nimekiamuru kijiuvimbe kisimame, tena kwa sauti, majirani wamesikia.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, ulifute somo hilo ubaoni, uwafundishe watoto kwamba ndani ya nyanya hakigawanyiki kitu bila ruhusa ya nyanya. Ukishindwa, walete hao vijumbe hapa niwapange foleni, waseme wametumwa na nani.

Wasalimie walimu wenzako wote, na mpishi wa shule pia, umwambie maharagwe yake hayaivi. Mkeo Monicah mpe pole kwa kukaa na mtu kama wewe.

Ni mimi nisiyetishika,
Kanze Gona, nyanya yake Nyevu

Baada ya sahihi: Nimekipapasa sasa hivi. Kimekuwa kama ndimu. Nimekikemea asubuhi na jioni, hakisikii; ni kama kumtumia Thoya salamu. Somo usilifute. Jumatatu asubuhi njoo na baiskeli yako, ile yenye kiti cha nyuma, unipeleke hospitali. Na leo hii, kabla hujamfundisha kitu kingine chochote, mwambie Nyevu ale.