Serumu Iliyomrudishia Yaya Ruphin Maneno

Kwa Mama Docta Augustine, mtunza vichwa vya watu hapa Kisangani,

Pokea heshima zangu, nyingine nimebakiza za mwisho wa barua. Mimi ni Sadrack, mdogo wa mgonjwa wako, yaya Ruphin, kaka yangu mkubwa. Ni mtu niliyetembea: Goma nimelala, Kampala nimekula, Dubai ilibaki viza tu. Shule niliacha mwaka wa nne wa sekondari, walimu walikuwa wameishiwa.

Nashtaki serumu yako.

Miaka mitatu yaya alikaa akitazama ukuta. Vidonge vya aina nne, maombi ya makanisa mawili, vichekesho vyangu mimi mwenyewe: bure. Ukasema ile dawa ya kulazia watu wa kupasuliwa, ikitiwa kwa serumu kidogo kidogo kwenye mshipa, dakika arobaini, huweza kumwamsha mtu aliyeshindikana kwa vidonge. Nikakubali. Serumu ya kwanza alisema anaelea mtoni kama gogo. Ya pili, akaomba lituma, ndizi zetu za kupondwa. Ya tatu, akasema lituma haina chumvi. Bon, hapo hasara zangu zikaanza.

1. Kwetu binti haposwi bila baba kusema. Baba hasemi, donc nilikuwa nainama kwenye mdomo wake mbele ya wakwe, nasikiliza kimya chake, natafsiri. Watu wa Bengamisa waliomposa Chimène, binti wa yaya, walisikia kwamba baba anataka mbuzi wawili, na kostimu ya buluu, suti kamili, ya mtu mrefu mwenye tumbo. Yaya ni mfupi, mwembamba. Hakuna aliyeuliza.

2. Jumapili wameleta. Nimeinama kama kawaida, yaya akanisukuma sikio kwa kidole: “Sadrack, toka hapa, uko nanuka kitunguu.” Kisha akawageukia wakwe: “Mbuzi moja inatosha. Kostimu mupatie bwana-arusi. Miye nataka kujua tu: mutoto wangu munamupenda?” Chimène alilia. Mama yake, Rosine, alilia. Mimi pia nililia, Mama Docta, ila chozi langu lilikuwa la kostimu.

3. Ananisikiliza! Nikianza habari za Kampala, anakatiza: “Ilikuwa mwaka gani?” Miaka mitatu sikuulizwa mwaka.

4. Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu: serumu ijayo tia nusu. Abaki na nguvu za kula na kuoga, maneno yarudi kwangu niliyeyazoea.

Zile heshima nilizobakiza ndizo hizi. Salimia manesi wote, mlinzi wa geti, na yule mama wa maandazi mlangoni, mwambie sijamsahau.

Sadrack,
msemaji wa zamani wa familia

N.B. Nilikuwa natafuta bahasha, Rosine akaniita. Tangu jana yaya amerudia ukuta. Lituma imepoa mbele yake, chumvi imo. Nimemsimulia Kampala yote, nimesema nilifika huko mwaka ambao mimi nilikuwa sijazaliwa. Hakuuliza kitu. Ulituonya kwamba nguvu ya dawa inaweza kushuka, na ikishuka tusingoje. Barua naileta mwenyewe, yaya yuko nyuma ya baiskeli, amenishika kiuno. Namba nne ifute. Mtilie vile unavyojua wewe, usipunguze kwa ajili yangu. Kostimu ivaliwe na bwana-arusi mwenyewe. Tuko getini, Mama Docta. Nataka aniulize mwaka.