Kompyuta ya Msasani Yashikwa na Baridi

Jumatatu, 1 Julai 2002
Ukungu tangu asubuhi hapa kwetu Msasani, Rungwe. Nimewasha kompyuta, imegoma. Inaunguruma, inakohoa mara moja, kisha skrini nyeusi na mstari mweupe wa Kiingereza. Sikuusoma wote. Mgonjwa akiweweseka humsikilizi, unamtafutia dawa.

Na wiki yenyewe hii! Kadi za harusi ya mdogo wangu Tulia ziko kwenye disketi niliyoichomeka Jumamosi na kuiacha mlemle ndani isipotee. Lazima zigawiwe kanisani Jumapili, ndugu wa vijijini Kinyala na Matwebe wakiwepo. Baada ya hapo hatukutani tena hadi siku ya harusi. Wazazi wetu hawapo, baba wa bibi harusi ni mimi. Niliiambia kamati kwamba Tulia hataolewa kwa kadi za kupigwa taipu kama barua ya kuitwa kwa balozi wa nyumba kumi.

Maneno hayo yalimlenga Anyelwisye, mwenye taipureta ng'ambo ya barabara. Nasikia yamemfikia.

Jumanne, 2 Julai
Anyelwisye kaja kunijulia hali. Kanikuta nachapa kwa kasi, skrini nimeigeuzia ukutani. Akauliza mbona waya wa umeme unaning'inia. Nikamjibu hizi za kisasa unaandika kwanza, umeme unafuata. Ameondoka akiguna. Mbea mkubwa.

Mchana shangazi Atupakisye kaleta ndizi za kuchemsha. Kaigusa sipiyu, kasema ugwe, wewe, hii imepoa kama maiti. Kasema kwake mbegu za mahindi zikishika unyevu hupandishwa darini, juu ya moto wa jikoni. Nikajiuliza kwa nini sikuwaza hilo mapema. Sasa hivi iko darini kwake, kati ya mahindi na maharage.

Jumatano, 3 Julai
Imeshuka na masizi, na mende. Maandishi yaleyale. Nimebonyeza vitufe vyote, hata vile ambavyo sijawahi kujua kazi yake. Yaleyale.

Kosa nimeligundua. Moshi! Kinachotakiwa ni joto safi, na Rungwe nzima joto safi liko kiwanda cha chai. Jani linaingia bichi, linatoka kavu. Nimemfuata Meshaki, niliyesoma naye, yuko kwenye mashine ya kukaushia. Alisema msimamizi akiliona boksi lile kazi hana. Nikamwambia Tulia anaolewa na mimi nimeahidi. Akasema niilete kwenye gunia.

Ijumaa, 5 Julai
Sipiyu imerudi. Inanukia kuliko mimi. Nimeiinamisha, umemwagika unga wa chai wa kujaza birika. Shangazi ameukinga kwa sufuria, kashukuru kwa kilugha, ndaga fijo, akaenda kuinjika maji.

Nimewasha. Maandishi yaleyale.

Nimekaa chini sakafuni. Sitaficha, machozi yalinitoka. Niliwaza ndugu wakirudi Kinyala mikono mitupu, wakisema yule yatima hata kadi hakuwa nayo.

Tulia akaingia, amelowa. Nilitamani anifokee, hakunifokea. Alisema Anyelwisye amempata mtu anayekwenda Mbeya jioni hii, atazichapisha huko, nimpe disketi. Anyelwisye! Nikanuna. Akasema, kaka, hata ungeniandikia kwa mkaa ningeolewa tu, wewe ndiye uliyenilea. Akaichomoa disketi mwenyewe. Mimi nilikuwa naangalia pembeni, aibu imenijaa, kidole kikabonyeza kitufe kwa mazoea tu.

Kompyuta ikawaka.

Tulirukaruka hadi shangazi akamwaga chai. Tulia akasema kumbe ilikuwa disketi. Maskini, mambo ya ufundi hayajui. Nikamweleza taratibu kwamba joto la kiwandani huchukua muda kupenya hadi ndani. Akanitazama sana, akaniambia nichape kadi.

Jumapili, 7 Julai
Kadi zimegawiwa zote. Zina maua pembeni, na harufu ya chai kwa mbali. Shangazi hajui kusoma, lakini ya kwake ameibana kifuani ibada nzima. Tulia alinikumbatia mbele ya watu, akalia, nami nikashindwa kujizuia. Anyelwisye ameipokea ya kwake kwa mikono miwili, akasema ni nzuri. Halafu akaninong'oneza kwamba siku nyingine nianze kwa kutoa disketi. Wivu haumwachi mtu hata siku ya Bwana.

Baada ya ibada katibu wa kanisa, mzee Amoni, akanivuta kando. Kompyuta ya ofisini imegoma na hesabu za sadaka zimo humo. Nimekwenda kuiona. Maandishi yaleyale, na ndani yake disketi. Mzee alitaka kuitoa, nikamdaka mkono. Nimemwambia aiache palepale izibe mdomo, unga wa chai usiingie. Gunia nimeshalikung'uta, na Meshaki ananingoja kesho alfajiri.