Kipimo cha Nguvu Kilichoniumbua Kamukuywa

Wueh! Leo baiskeli yangu mwenyewe imeniumbua, tena mchana kweupe, mbele ya wamama wa ndizi.

Mnanijua, mimi Simiyu muuza simu wa hapa Kitale. Wikendi tunaendesha baiskeli za mbio. Timu ya mashindano ilikuwa imebakiza nafasi moja, na hiyo nafasi niliitaka hadi nikawa naiota. Anayeteua ni Mzee Jaswinder, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na alisema wazi: "Mimi sitaki domo. Tukienda Bungoma nitaangalia wati zenu pale mlima wa Kamukuywa. Mwenye nyingi ndiye anaingia."

Wati ndiyo hesabu ya nguvu ambayo mguu wako unatia kwenye pedali, na ili uhesabiwe lazima uwe na kipimo. Nikaagiza kimoja, cha kufungwa kwenye mkono wa pedali. Nikakipiga picha, nikaweka kwa grupu. Mama Nafula, mwalimu wa Mabanga ambaye tunagombania naye hiyo nafasi, akaandika: "Simiyu, umehakikisha kinaelewana na kioo chako cha kwenye usukani, kile cha kusomea namba? Si vyote vinaelewana."

Nikamjibu na kidole gumba. (Ati mimi nifundishwe kuunganisha vitu, na mimi ndiye huwaunganishia watu simu na spika!)

Leo asubuhi tukajipanga. Nikaambia kioo kitafute kipimo. Kikapata papo hapo. Nikabonyeza ndiyo, tukatoka.

Jamani, nilikuwa moto! Wati mia moja hamsini. Mia moja sabini. Nikawa natangaza kwa sauti kama mtu wa mnada, huku nimemng'ang'ania Mama Nafula kama kupe asije akaniponyoka. Karibu na Kiminini nikaacha kukanyaga ninywe maji. Kioo bado kinasoma mia moja sitini. (Nikajiambia hiyo ni nguvu ya akiba.)

Mama Nafula ana kipimo chake ndani ya pedali, alichotumiwa na bintiye. Nikamuuliza, "Mama, wewe uko ngapi?"

"Mia moja themanini, kijana wangu."

Nikaangalia changu. Mia moja themanini. "Ai, tunatoshana!" Nikafurahi, bana.

Tukapita daraja la Kamukuywa, mlima ukaanza. Mzee Jaswinder akaja kando yangu, macho kwenye kioo changu. "Mia mbili hamsini! Simiyu, leo umekula nini?" Ulimi ulikuwa nje. Lakini nafasi nilishaiweka mfukoni.

Hapo ndipo mkwe wa Mama Nafula, aliyemwoa bintiye, akatokea na bodaboda akiteremka. Na kwetu mama hawezi kukutana na mkwewe akiwa na kaptura ya kubana. Mama, aliyekuwa ameanza kutuacha, akashuka haraka, akachomoa leso kwenye mfuko wa jezi, akajifunga kiunoni, akasimama kando kwa heshima zote. Mkwe naye akaangalia upande ule mwingine, akapita polepole.

Mimi nikampita, bado nakanyaga, mishipa ya shingo imesimama. Kioo: sifuri.

"Simiyu, umekufa?" Mzee akauliza.

"Kimeharibika!" Nikashuka, nikaanza kukigongagonga. Wamama wa ndizi wakasogea waone. Miguu yangu yote miwili iko chini kwa nyasi. Kioo kikaruka: mia mbili sitini!

Mzee akanitazama. Akageuka nyuma. Mama Nafula alikuwa amepanda tena baiskeli, anakuja.

"Mama, hebu simama!" Mzee akaita.

Sifuri.

"Haya, kanyaga!"

Mia mbili na hamsini.

Wamama wa ndizi walielewa kabla yangu. "Woi! Kumbe anajivunia miguu ya mwenzake!" Mmoja alicheka hadi akaketi chini. Kumbe kipimo changu na kioo changu hata salamu havipeani. Kioo kilitafuta, kikachukua cha Mama.

Mama hakunicheka. Aliomba simu yangu, akaiunganisha na kipimo changu, na hapo vikaelewana vizuri. "Haya, panda tukuone." Nikapanda, nimesimama juu ya pedali, namwomba Mungu. Mia moja na thelathini.

Aki huyu mama nimemkubali. Ana mjukuu, ameupanda mlima kwa mia mbili hamsini, katikati akampa mkwe heshima yake, kisha akaendelea bila hata kuhema. Kutoka Kitale nilikuwa namsifu yeye tu, ni vile nilidhani najisifu.

Nafasi ni yake, na hata mimi nimempigia makofi. Tulipofika Bungoma nikamsihi Mzee anifikirie kwa kazi yoyote. Akafikiria. Kwa hivyo msicheke, nimeingia timu: mimi ndiye mbeba leso ya Mama Nafula, maana barabara hii ina wakwe wengi. Shida ni moja tu. Lazima kwanza nimfikie.