Rutuba Yangu Haitoki Nje

Jumamosi, 4 Aprili

Mkutano wa bustani nyuma ya fleti zetu. Mwenyekiti ni fundi viatu, anagonga meza kana kwamba anapigilia soli. Katangaza ukaguzi tarehe 16 Mei. Tuta lisilo na mazao litachukuliwa. Kisha akanitazama mimi. Mimi! Karani wa masjala miaka ishirini na miwili, sijapoteza faili hata moja!

Ni kweli tuta langu ni jangwa. Liko juu kwenye mteremko, na chini yake liko la Mwalimu Mstaafu, mwanamama ambaye kabichi zake zinaudhi kwa unene. Nimemwapia mama watoto kwamba tuta halitoki mikononi mwangu. Ndipo mahali pekee duniani ambapo mimi ni bosi. Hakucheka. Alikohoa tu.

Jumatatu, 6 Aprili

Nimemwamkia Mwalimu shikamoo kwa adabu zote, nikamchokonoa siri yake. Kaongea dakika arobaini! Eti chakula cha mimea hakikai mahali pamoja. Kinatoka hewani, kinaingia kwenye mizizi, kinaliwa, kinaoza, kinashuka na maji. Hata mawe yakilika polepole yanatoa chakula hicho. Kinazunguka tu, miaka nenda rudi.

Nimeandika neno moja kwenye daftari: KINATOROKA. Kule masjala, kitu kinachozunguka bila saini tunakiita kimepotea. Dawa ni kukidhibiti. Ajabu kwamba mtu kasomesha sayansi maisha yake yote na hili hajaling'amua.

Kaniita baba, kanipa mbegu za maharage, kasema zitaulisha udongo wangu. Ukarimu wa ghafla! Nimezipokea kwa mikono miwili na kumtazama kwa jicho moja. Nimezipanda, na pembeni nimetia miche kumi ya kabichi.

Jumapili, 26 Aprili

Nilijua! Maharage yameota vizuri mno, nikaingiwa na shaka. Nimeng'oa shina moja. Mizizi imejaa vinundu! Vipele vitupu! Mwanamke kaniletea ugonjwa kwenye mbegu.

Sikupayuka. Nimeng'oa yote, nikayakatakata na majani na mizizi yake, nikayafukia kwenye tuta lake, nikijua yuko kanisani kama kila Jumapili. Ugonjwa umerudi kwa mwenyewe. Nimeoga huku naimba.

Jumamosi, 2 Mei

Zimebaki wiki mbili. Nimemwaga mfuko mzima wa mbolea ya chumvichumvi kwenye tuta langu. Maelekezo ya mfuko yalisema vijiko. Vijiko ni vya waoga.

Saa tisa mvua ikashuka, kubwa. Maji yakabeba kila kitu hadi kwa Mwalimu, yakatuama pale pale kwenye kabichi zake. Nimesimama dirishani nikipiga makofi. Nimemwambia mama watoto kwamba jirani anazama. Kaniuliza mbolea yangu iko wapi sasa. Maswali ya namna hii ndiyo yanayoharibu ndoa.

Jumapili, 10 Mei

Miche yangu saba imeungua. Kabichi za Mwalimu zimeongezeka ukubwa, kwa hiyo ugonjwa unakawia. Nimefukia vichwa vya samaki kwenye tuta lake ili paka waje kulifukua. Werevu huu sijui niliurithi kwa nani.

Paka wamekuja watatu. Wamepita kwa Mwalimu bila hata kugeuka, wakaja kuchimba kwangu, kwenye udongo laini. Miche mitatu iliyobaki, kwisha. Mama watoto anatafuta vichwa vyake vya supu. Nimemsaidia kutafuta.

Jumamosi, 16 Mei

Ukaguzi. Usiku sikupata usingizi, nakiri. Kwangu kulikuwa na udongo, mashimo ya paka na kijiti. Kwa Mwalimu, kabichi moja ilihitaji watu wawili kuibeba! Mwenyekiti kafungua kinywa kunifukuza.

Ndipo Mwalimu akanyanyua mkono. Kasema sifa zote ni za jirani yake wa juu. Kaona kila kitu kupitia dirisha lake: nilivyofukia kwake maharage yenye vinundu, Jumapili ambayo hakwenda kanisani, ambavyo ndivyo vinavyonasa chakula kutoka hewani, nilivyomletea samaki, nilivyotanguliza mbolea kabla ya mvua ili imshukie. Kasema alidhani mimi ni mpole sana, natenda wema kwa kificho.

Ningefanyaje? Kukana ni kukiri! Nimeinamisha kichwa kama mtakatifu. Watu wamepiga makofi. Mwenyekiti kaamua tuta langu liwe lundo la mboji la bustani nzima, kila nyumba ilete maganda yake, nami niwe Msimamizi wa Mboji. Cheo! Mbele ya watu!

Jioni Mwalimu katuletea kabichi. Nimekula sahani tatu. Kila jani lilikuwa mali yangu, ilitoroka ikarudi yenyewe. Mama watoto kasema huko ndiko kuzunguka alikokusema Mwalimu. Nimemrekebisha: huko ndiko kushinda.

Jumapili, 17 Mei

Siku ya kwanza kazini. Furaha tupu. Nimefungua rejista: aliyeleta, alicholeta, saini. Hadi saa nne nilikuwa na ndoo kumi na moja za maganda, majani na jivu.

Nimelifunika lundo lote kwa nailoni nzito, mabati juu, mnyororo, kufuli. Hewa haiingii. Maji hayaingii. Mdudu hapiti. Safari hii hakitoki hata chembe!

Mwalimu kapita na ndoo tupu, kaomba mboji kwa ajili ya miche mipya, kisha akauliza kwa upole mimea italaje ikiwa kila kitu kimefungiwa. Nimemwamkia tena shikamoo, kwa heshima zote, nikamwambia ajaze fomu.

Dirishani juu, mama watoto alikuwa anakohoa. Lazima nimnunulie dawa.