Miguu Imestaafu, Mdomo Uko Kazini

Jumatatu, 15 Septemba 2025
Zipu ya traksuti yangu ya mashindano imegoma. Nimelala chali kitandani, nimebana pumzi, nimevuta. Imekatika. Mke wangu Mwanvita anasema tangu goti liniachishe mbio za marathoni, miguu imestaafu ila mdomo bado uko kazini. Nimemweleza kuwa kitambaa kimechakaa. Kisha nimekula kifungua kinywa cha siku zote: mayai sita, chapati nne, maharage, uji. Kocha ndiye aliyenipangia. Hajanifutia.

Jumanne, 16 Septemba
Stefano amepiga simu kutoka Kinole. Tulikimbia pamoja miaka mingi, nikawa namshinda. Sasa analima migomba huko milimani. Jumamosi kijiji chao kina mbio za wakongwe, kupanda kutoka darajani hadi sokoni. Anasema watoto wa kule wanataka kuniona. Nimekubali kabla hajamaliza kusema. Siku nyingi jina langu halijatajwa kwenye kipaza sauti.

Jumatano, 17 Septemba
Mwanvita amenipikia mchicha na kipande cha samaki. Ananisihi nisishindane, daktari alishasema presha imepanda. Nimelipima jambo hili kitaalamu. Nilipokuwa nakula chakula cha watu wanne, nilikuwa nashinda. Kwa hiyo kilichokuwa kinashinda ni chakula. Nimemaliza mchicha, nimeaga kwamba naenda mazoezini, na mazoezi nimefanyia kwa mama ntilie wa Msamvu. Wali, supu, ndizi nyama. Wali tena.

Ijumaa, 19 Septemba
Nimejaribu kukimbia hadi mwisho wa mtaa. Katikati pumzi ikaisha, nikainama kama mtu aliyedondosha kitu. Bibi mmoja akasimama kunisaidia kutafuta. Nikamwamkia shikamoo, tukatafuta sana.
Mpango mpya. Jirani yangu Mansuri, dereva wa bodaboda, atanisubiri kwenye kona ya kwanza ya mlima, anishushe karibu na soko. Nitamalizia mwenyewe, kwa jasho la maji ya chupa.

Jumapili, 21 Septemba
Ya jana. Kona ya kwanza nilifika. Mansuri alikuwepo. Nikapanda, pikipiki ikajikongoja kidogo, ikakohoa, ikasimama. Mansuri akaniomba kwa adabu kubwa, "Mzee, shuka kidogo usukume."
Nilikuwa nasukuma Stefano aliponipita, mwembamba kama ufito. Alikuwa anaongoza. Akaniona, akarudi. Hakunicheka. Tulisukuma wote, haikuwaka, tukamwachia Mansuri pikipiki yake, kisha tukapanda mlima kwa miguu taratibu huku wenzetu wakitupita. Nikamwuliza amewezaje kubaki vile. Akasema naye alinenepa sana, mpaka akaelewa kuwa chakula kile kilikuwa cha kazi, na kazi imekwisha. "Siku niliyotundika viatu, ndugu yangu, nilipaswa kutundika na ile sahani."
Tuliingia sokoni wa mwisho. Mtangazaji alilitaja jina langu, watoto wakapiga makofi. Nililengwalengwa na machozi. Nikasingizia vumbi.

Jumatatu, 22 Septemba
Maneno ya Stefano yameniingia. Asubuhi nimechukua nyundo na msumari, nimeitundika sahani yangu ukutani, juu ya medali. Mwanvita ameniangalia kwa furaha ambayo sijaiona siku nyingi.
Mchana nimeenda sokoni kununua sinia.