Rambirambi za Mtu Siriasi

Shangazi Mheshimiwa Speciosa,
Kabonga.

Amahoro. Mimi ni Zabroni, muuza mawese wa soko la Rumonge, yule anayetaka kumwoa Jovita, binti wa kaka yako. Naandika kwa unyenyekevu kulalamikia neno la Kiingereza alilonitupia mbele ya wateja: "Zabroni, weye uko unachekacheka tu. Miye natafuta mutu siriasi." Kiingereza hatukijui, yeye wala mimi, lakini neno limeshafika na halina nauli ya kurudi.

1. Neno hili halina kipimo. Mawese tunapima kwa dumu. Siriasi je? Mwalimu Dismasi alisema ni mtu asiyecheka. Tahiri fundi cherehani akasema ni mwenye nyumba ya bati. Bati sina bado, kwa hiyo nikaanza na kutocheka.

2. Linaharibu biashara. Wateja waliniona uso, wakashusha sauti, wakaenda kununua kwingine. Mama Sikujua, jirani yangu muuza ndagala, vile visamaki vya ziwani, akauliza nimefiwa na nani. Nilidhani mtu siriasi hajibu ovyo, nikanyamaza.

3. Linaua watu. Kufikia Alhamisi soko zima lilijua nina msiba. Wakaniletea bia za kunifariji, wakaketi nami, na kwaya ikaja kuimba. Marehemu hakuna aliyemjua, ila wote walikubaliana kwamba alikuwa mtu mwema. Mimi mwenyewe nililia kidogo.

Shangazi, nampenda Jovita, na bila yeye sijui nitaishije. Lakini kicheko hiki niliachiwa na baba, na ndio urithi pekee nilio nao. Naomba basi neno hili lipigwe marufuku pwani yote ya ziwa, kutoka Kabonga hadi Gitaza, na kila msichana aseme anachotaka kwa lugha ya mama yake.

Wasalimie wote hapo nyumbani, majirani, na ng'ombe wako, ambao Mungu akipenda nitawaongezea mwenzao.

Ni mimi, mfiwa asiye na maiti,
Zabroni

Nyongeza: Kabla sijafunga barua, Jovita amekuja kunipa pole. Nimemweleza kwamba hakuna aliyekufa, nilikuwa siriasi tu. Amecheka mpaka akakaa juu ya dumu, nami nikashindwa kujizuia. Kumbe alichotaka ni nije kwako kujitambulisha, basi. Neno liache, Shangazi, ni zuri sana. Nakuja Jumapili, na pombe isikusumbue: kreti moja ya rambirambi imebaki.