Mimi na Pasi, Basi!

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeacha kazi! Saa mbili na nusu asubuhi, mbele ya rundo la mashuka ya hoteli na mashahidi wawili. Nimemwambia Bosi kwamba miaka minne ya kunyoosha nguo za watu imetosha. Kuanzia sasa mimi ni mchoraji, kutwa nzima, wiki nzima. Nilitegemea aangue kilio. Akauliza kama nimemaliza yale mashuka. Nikamjibu kwamba msanii hamalizi mashuka. Akasema haya, basi msanii amalize chai yake, asije akaanza usanii na njaa. Akanifungia na nusu mkate. Moyoni nilimshukuru sana. Usoni nikakaza.

Nikatoka kichwa juu. Nikarudi. Nilikuwa bado nimevaa ndala za kazini.

Sijaruka hewani tu, nina kazi mkononi! Dada yangu mkubwa, ninayeishi kwake, ni mpishi wa shule. Mwalimu Mkuu anastaafu, anaagwa Jumamosi, walimu wanataka zawadi. Dada akawaambia ana mdogo wake anachora watu mpaka wanapumua. Mwalimu wa hesabu, ndiye mkuu wa kamati, akauliza mdogo wake yupi, yule aliyeikimbia shule hii hii? Dada akasema huyo huyo, tena ndiye. Nikimwaibisha, kaniambia, yeye hatakuwa na uso wa kuingia jikoni kwake, na mimi sitakuwa na mlango wa kuingia kwake.

Hana wasiwasi. Nimeona tu anahesabu vijiko mara tatu.

Jumanne, 4 Machi

Nimefungua studio. Ni sebule, lakini kiti kimoja kimehamishwa. Nikachukua shuka jeupe kabatini, nikalikaza kwa misumari kwenye fremu ya dirisha bovu. Rangi: ile ya mafuta iliyobaki tulipopaka milango, na vikopo vingine vya kuombaomba.

Nimeanza na shati. Siku nzima shati! Kola imesimama kama imetoka kwenye wanga sasa hivi. Mikono ina mstari mmoja, ulionyooka. Vifungo saba, kila kimoja na kivuli chake. Nasema kwa unyenyekevu wangu wote, ambao si mwingi: shati lile ungeweza kulivaa.

Dada akarudi, akaona shuka. Akauliza kichwa kiko wapi. Nikasema kichwa ni kesho. Akasimama pale na mkoba begani, akalitazama shati mpaka nikaanza kuona haya. Akasema Mungu anijalie, kumbe kweli naweza. Ila hilo shuka, akaongeza, lilikuwa la wageni, na mgeni wa kwanza kulikosa nitakuwa mimi.

Jumatano, 5 Machi

Uso ni mgumu! Uso hautiwi wanga.

Mpiga Picha, jirani mwenye studio ng'ambo ya barabara, akachungulia dirishani bila hodi. Akauliza hicho ni kiazi kimealikwa harusini au vipi. Nikamwambia aende akasafishe kioo cha kamera yake, maana kila anayepigwa hapo hutoka kama anatafutwa na polisi. Akacheka. Akasema mwalimu wa hesabu amepita kwake pia, kaagiza picha kubwa ya Mwalimu Mkuu, endapo. Endapo nini, hakusema. Hiyo endapo ni mimi.

Nikarudia pua mara nne, rangi juu ya rangi. Sasa ni nene, unaweza kutundika koti. Lakini alasiri nikagusa nyusi kidogo tu, na huyo hapo! Mwenyewe! Dada alipita na ndoo, akamwona, akaiweka ndoo chini akasimama wima kama mtoto wa darasa la pili. Ahsante, nyusi.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa. Pua haijakauka na shuka limelegea. Mkunjo umetoka sikio hadi sikio, umekatiza pua katikati. Mwalimu Mkuu anaonekana kama alikunjwa nne akawekwa kabatini. Nimekaza misumari, ukazidi. Nimeweka feni, nzi akanasa kwenye paji la uso. Nimemtoa. Kaacha mguu.

Dada hajalala vizuri, nimeona macho yake. Hajanilaumu. Amenipa chai tu, akasema bado kuna kesho.

Nimeutazama ule mkunjo saa nzima, mikono inawasha. Miaka minne mikono hii haijauacha mkunjo hata mmoja ukatoka mlangoni mzima. Na ghafla nikajua la kufanya. Wachoraji wengine wangelijulia wapi?

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi na mapema nikaenda kwa Bosi, picha imeviringishwa kwapani, uso kwa ndani, fremu begani. Nikamwomba pasi dakika tano. Hakunicheka. Akanionyesha meza yangu, bado ipo wazi. Akauliza ni kitambaa gani. Nikasema shuka. Sikudanganya!

Nilifuata kila kanuni. Moto mdogo. Kitambaa chepesi juu, kama tunavyofanya kwa nguo za hariri. Pole pole, paji la uso kwenda chini. Mvuke. Harufu ya mlango mpya. Bosi akauliza hilo shuka lilimwagikiwa nini.

Nikainua kitambaa. Mwalimu Mkuu akainuka nacho.

Pua yote, masharubu, makunyanzi ya paji, yote yamehamia kwenye kitambaa! Kwenye shuka kumebaki ukungu wa kahawia, macho mawili na zile nyusi. Shati halijaguswa, lenyewe lilikuwa limekauka tangu juzi. Nikakaa chini, kwenye sakafu. Nikamfikiria dada jikoni kesho, mbele ya walimu wote.

Bosi akafunga mlango wa duka, eti upepo. Akaishika picha kwa ncha za vidole, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Nikaomba rangi nirudishie pua. Akakataa. Akasema nisiguse kitu, kwamba nikiitengeneza sasa nitaiharibu, na kwamba yeye pasi anaijua kabla sijazaliwa. Akaniagiza niikaze upya, yeye akashika fremu, mimi nyundo. Kakosa wateja wawili kwa ajili yangu. Mkunjo, kwa taarifa, umekwisha kabisa.

Jumamosi, 8 Machi

Ukumbi wa shule, saa nane. Dada kasimama mlangoni na aproni yake safi, mikono ameificha ndani. Mpiga Picha kawahi kuweka picha yake: ndefu, ina kioo, kila kunyanzi limehesabika. Watu wakapiga makofi ya adabu.

Kisha mwalimu wa hesabu akafunua yangu. Akaifunika tena kidogo. Akaifunua.

Mtu mmoja akakohoa. Mwalimu Mkuu akainuka, akaja na fimbo yake, akasogeza miwani. Nikaanza kutafuta mlango. Akatazama muda mrefu. Akasema miaka thelathini amechorwa na wanafunzi, kwenye madawati, kwenye kuta za choo, na daima amekasirika. Hii ni mara ya kwanza kujiona amepumzika. Akauliza nilijuaje kwamba ndivyo anavyotaka kuwa kuanzia Jumatatu. Nikasema ni kipaji.

Mkewe akaivuta picha upande wake, akasema hii sebuleni, ile ya kioo itatafutiwa pahala. Dada akatoa mikono kwenye aproni, akanishika shingo mbele ya wote, akalia akicheka. Mwalimu wa hesabu akampa mkono dada kwanza, kisha mimi. Nimewashukuru wote, mmoja mmoja, na Mpiga Picha nikamshukuru mara mbili, alivyonuna.

Jambo moja tu: kila aliyenijia aliuliza habari za shati.

Jumatatu, 10 Machi

Kazi zimefurika! Kuanzia saa moja watu wako mlangoni. Mwalimu wa hesabu kaleta koti. Mke wa Mwalimu Mkuu, mashati manne. Hata Mpiga Picha, kwa aibu, suruali ya harusi! Wote wanasema kitu kimoja: wanataka ziwe kama lile shati la kwenye picha.

Nikaelewa papo hapo. Wameniletea nguo nizichore! Lakini huwezi kuchora shati lenye mikunjo, kwa hiyo nimezinyoosha kwanza kwa pasi ya kuazima, kumi na moja mpaka sasa. Ajabu, nikimaliza tu, mwenyewe anaichukua, anashukuru mno, anaondoka kabla sijashika brashi. Watu wana haraka na sanaa.

Bosi kapita, kaona foleni, akaniambia meza yangu bado ipo. Nimemshukuru kwa heshima zote, nikakataa. Mimi kupiga pasi tena? Akatikisa kichwa, akaniachia pasi yake moja nzito. Mtu mwema sana. Dada naye kauliza sasa hiki ninachofanya hapa kinaitwaje. Nimemsamehe, hakusomea uchoraji.

Kesho naanza picha ya mke wa Mwalimu Mkuu. Huyo nitampa moto mkubwa zaidi. Leo nakomea hapa, mwenye gauni la bluu anagonga na pasi imeshapata moto.